Kwa nini tarehe ya kuzaliwa hurudi nyuma siku moja ikihifadhiwa kwenye XML?

«Nimeandika programu ya Java inayotunza kumbukumbu za wanachama. Kila mwanachama ana tarehe ya kuzaliwa, siku na saa aliyosajiliwa, na pengine miadi ijayo. Zote nimezitangaza kuwa java.util.Date, na JAXB, maktaba ya Java ya kugeuza objekti kuwa XML, ndiyo inayozitoa kwenye faili la XML. Kwenye kompyuta yangu kila kitu kiko sawa. Nikilipeleka faili kwenye seva, aliyezaliwa tarehe 12 Mei anaonekana amezaliwa tarehe 11, ingawa nikilifungua faili lenyewe naiona 12 kwa macho yangu. Mwenzangu anayelisoma faili hilo hilo kwa C# naye anapata 11. Nilijaribu kubadili kuwa LocalDate, elementi ikatoka tupu. Je, nihifadhi milisekunde tu ili niondokane na usumbufu huu? Na data iliyokwisha kuharibika nitairekebishaje?»

Ndugu msomaji, naona kinachokusumbua zaidi si siku moja iliyopungua, bali ni kutojua tena umwamini nani: macho yako yanaona 12, seva inasema 11, na mwenzako anakubaliana na seva. Nikutoe wasiwasi huo kwanza. Faili lako limeandikwa sawasawa, seva imelisoma sawasawa, na programu ya C# nayo haikukosea. Kosa lilitokea mapema zaidi, pale ulipotangaza tarehe ya kuzaliwa kuwa java.util.Date, kwa sababu hapo ulichukua siku ya kalenda ukaigeuza kuwa nukta ya wakati, na tangu hapo kila aliyeipokea aliifasiri kwa saa za mahali alipo.

Jina la darasa hilo limewapoteza wengi. Date ya java.util haina siku wala mwezi wala mwaka ndani yake. Ina namba moja tu, nayo ni idadi ya milisekunde zilizopita tangu saa sita usiku ya tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa ambayo saa za maeneo yote hupimwa kwayo. Mtumiaji anapoandika 12 Mei 1990 kwenye fomu, programu hulazimika kubuni saa ambayo hakuna aliyeitaja, ikachagua saa sita usiku ya siku hiyo kwa saa za eneo la kompyuta, kisha ikahesabu milisekunde. Kompyuta iliyo mbele ya UTC kwa saa tatu itapata 642459600000. Ukimkabidhi namba hiyo mtu ambaye saa yake ni ya UTC na kumuuliza ni lini, atakujibu kwa haki kabisa kwamba ni tarehe 11 Mei 1990, saa tatu usiku.

Sasa tazama JAXB inavyoiandika kwenye kompyuta yako:

<tareheYaKuzaliwa>1990-05-12T00:00:00+03:00</tareheYaKuzaliwa>

Jicho lako linasoma herufi kumi za mwanzo na kuridhika. Programu husoma mstari wote, pamoja na ile +03:00 ya mwisho, ambayo ni tofauti ya saa kutoka UTC. Seva ikiupokea mstari huo, ikautafsiri kwa saa zake na kuuhifadhi tena, utatoka hivi:

<tareheYaKuzaliwa>1990-05-11T21:00:00Z</tareheYaKuzaliwa>

Kwa kanuni za XML Schema (lugha ya kuandika skima, yaani maelezo ya data inayoruhusiwa kwenye faili la XML), mistari hii miwili ina thamani moja ile ile, kwa kuwa herufi Z maana yake ni UTC yenyewe. Ndiyo maana huwezi kutegemea ukaguzi wa skima ukuonye: mbele ya mkaguzi hakuna kilichobadilika. Vilevile ndiyo maana kosa hili hujificha kwa baadhi ya watu miaka mingi. Saa sita usiku iliyoandikwa kwa -05:00 ikisomwa kwa UTC huwa ni saa kumi na moja alfajiri ya siku ile ile, kwa hiyo mtengenezaji aliye magharibi huona tarehe haikusogea, akaamini msimbo wake ni salama, mpaka siku faili litakaposomwa na mtu aliye magharibi zaidi yake.

Wapo watakaokushauri uipange seva itumie saa za eneo lako, yaishe. Naelewa kwa nini ushauri huo unavutia, kwani tatizo litapotea mchana huo huo. Lakini litarudi siku ya kwanza faili litakaposomwa na mashine ambayo wewe huipangi, kama ile ya mwenzako. Isitoshe, saa sita usiku yenyewe haipo kila siku na kila mahali. Nchini Brazil, tarehe 4 Novemba 2018, katika maeneo yaliyofuata utaratibu wa kusogeza saa mbele, saa ziliruka kutoka saa sita usiku moja kwa moja hadi saa saba usiku. Programu iliyoandikwa kwa imani kwamba kila siku huanza saa sita kamili ilikuwa ikitafuta nukta ambayo mahali hapo haikuwahi kuwapo.

Dawa ni kuuliza, kwa kila sehemu ya objekti yako, unachokihifadhi ni kitu cha aina gani. Katika maelezo yako naona aina tatu, na zote umezivisha nguo moja. Tarehe ya kuzaliwa ni siku ya kalenda. Haina saa, haina eneo, na mtu akihama bara haibadiliki. Wakati wa kusajiliwa ni nukta ya wakati: kitu kilitokea mara moja ulimwenguni kote, na kila mahali kinaweza kutajwa kwa saa za mahali hapo bila kubadilika chenyewe. Miadi ijayo ni ahadi ya saa ya ukutani mahali fulani. Watu wameahidiana kukutana saa hiyo itakapoonekana kwenye saa ya pale watakapokutania, hata kama kati ya leo na siku hiyo serikali itabadili taratibu za saa.

XML Schema, ambayo W3C, shirika la viwango vya Wavuti, iliitoa kuwa pendekezo rasmi mwaka 2001, inazitofautisha aina hizi vizuri kuliko lugha nyingi za programu za wakati ule. Siku ya kalenda ina xs:date, nukta ya wakati ina xs:dateTime, saa peke yake ina xs:time. Zipo pia aina za tarehe zisizokamilika, nazo hazitumiwi inavyostahili: xs:gYear kwa mwaka pekee, xs:gYearMonth kwa mwaka na mwezi, na xs:gMonthDay kwa siku inayojirudia kila mwaka. Kama kati ya wanachama wako kuna wanaojua mwaka waliozaliwa tu, tafadhali usiwaandikie 1 Januari. Andika mwaka uliotajwa na uishie hapo. Nimeona orodha ambazo idadi kubwa ya watu «walizaliwa» siku ya mwaka mpya, na hakuna aliyeweza tena kutenganisha waliozaliwa siku hiyo kweli na waliowekewa na fomu.

Kwa hiyo ulipojaribu LocalDate ulikuwa kwenye njia sahihi, na nasikitika kwamba elementi tupu ilikurudisha nyuma. Sababu yake ni ya kihistoria. JAXB ilikuwa tayari ndani ya Java 6 mwaka 2006, wakati madarasa ya java.time, LocalDate ikiwamo, yalikuja na Java 8 mwaka 2014. JAXB haiyatambui kuwa ni tarehe. Ikikutana na LocalDate huichukulia kama darasa jingine lolote, hutafuta sifa za kuandika, haizipati, na kulingana na toleo la maktaba unalotumia utapata ama elementi tupu ama ujumbe wa kosa kwamba darasa halina konstrakta isiyo na vigezo. Unachotakiwa kufanya ni kuipa adapta, yaani darasa dogo linaloifundisha JAXB kugeuza tarehe kuwa matini na matini kuwa tarehe:

public class AdaptaYaTarehe extends XmlAdapter<String, LocalDate> {
    public LocalDate unmarshal(String matini) {
        if (matini == null || matini.isBlank()) return null;
        return LocalDate.parse(matini.trim(), DateTimeFormatter.ISO_DATE);
    }
    public String marshal(LocalDate tarehe) {
        return tarehe == null ? null : tarehe.toString();
    }
}

Kisha juu ya sehemu yenyewe weka anotesheni mbili: @XmlJavaTypeAdapter(AdaptaYaTarehe.class), na @XmlSchemaType(name = "date") ili skima itakayozalishwa kutoka kwenye darasa lako iseme xs:date badala ya matini ya kawaida. Faili litatoka likiwa na 1990-05-12 pekee, bila saa na bila tofauti ya saa, na hapo hakuna seva itakayopata pa kuishika ili iisogeze.

Kuna sababu mbili za adapta hiyo kuandikwa hivyo. Nimetumia ISO_DATE kwa sababu xs:date inaruhusiwa kubeba tofauti ya saa mwishoni, kama 1990-05-12+03:00, na programu za wengine huiandika hivyo mara kwa mara. Ukitumia LocalDate.parse bila kuitajia mpangilio, mstari huo halali utakataliwa, lakini ISO_DATE huupokea na kukupa siku ilivyoandikwa bila kuigeuza. Na nimeondoa nafasi za pembeni kwa trim kwa sababu XML Schema yenyewe inaruhusu nafasi kuizunguka tarehe, ilhali Java hairuhusu.

Ikiwa baada ya kuweka adapta elementi bado inatoka tupu, angalia majina ya vifurushi juu ya faili la msimbo. JAXB iliondolewa ndani ya JDK (seti ya zana za Java) tangu toleo la 11, mwaka 2018, na baadaye jina la vifurushi vyake likabadilika kutoka javax.xml.bind kuwa jakarta.xml.bind. Mradi ukichanganya anotesheni za jina la zamani na maktaba ya jina jipya, anotesheni zako hupuuzwa kimya kimya, na mtu anaweza kupoteza siku nzima akitafuta kosa ndani ya adapta ambayo haijawahi kuitwa.

Kwa wakati wa kusajiliwa, tumia Instant, darasa la java.time la nukta ya wakati, na uiandike kwa UTC. Instant.toString hutoa mstari kama 2024-03-05T11:30:00Z, ambao ni xs:dateTime halali. Hapa nakuomba uwe mwangalifu na ndugu zake. LocalDateTime.toString na OffsetDateTime.toString huacha sekunde zinapokuwa sifuri, hivyo saa nane na nusu mchana kamili huandikwa 2024-03-05T14:30. Mstari huo XML Schema haiukubali, kwa sababu sekunde ni za lazima. Huu ni mtego mbaya, kwa kuwa majaribio mengi hutumia wakati wa sasa, ambao kwa kawaida una sekunde, kwa hiyo hupita. Kosa hujitokeza kazini, pale mtu anapoandika saa kwa mkono. Ukihitaji kuandika wakati wenye tofauti ya saa, pitia DateTimeFormatter.ISO_OFFSET_DATE_TIME, ambayo huandika sekunde hata zikiwa sifuri. ZonedDateTime.toString nayo usiipeleke kwenye XML, kwani huongeza jina la eneo ndani ya mabano ya mraba, na skima haiyajui mabano hayo.

Wakati wa kusoma, pitia OffsetDateTime.parse kisha toInstant, kwa sababu Instant.parse ya matoleo ya Java kabla ya 12 hukubali Z pekee na kukataa +03:00. Punguza pia desimali za sekunde ziwe tatu kabla ya kuandika. XML Schema inamlazimu msomaji azimudu tarakimu tatu tu. Java inaweza kuandika mpaka tisa, .NET, jukwaa la C#, hutunza saba, na desimali zikikatwa njiani utashangaa kwa nini objekti uliyoisoma si sawa na uliyoihifadhi ingawa kwa macho zinafanana.

Miadi ndiyo inayohitaji fikra zaidi, na hapa sikubaliani na wanaosema kila kitu kihifadhiwe kwa UTC. Ushauri huo ni mzuri kwa yaliyopita. Kwa yajayo, kugeuza kwenda UTC leo ni kutabiri taratibu za saa za siku ambayo haijafika. Samoa mwishoni mwa mwaka 2011 ilihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, na tarehe 30 Desemba haikuwapo kabisa nchini humo. Miadi ya Januari 2012 iliyokuwa imekwisha kugeuzwa kuwa UTC kabla ya uamuzi huo, ikisomwa kwa taratibu mpya, iliangukia siku nyingine. Basi hifadhi kile watu walichoahidiana, yaani saa ya ukutani pamoja na jina la eneo kama lilivyo kwenye hifadhidata ya IANA ya saa za maeneo ya ulimwengu:

<miadi eneo="Europe/London">2027-07-15T10:00:00</miadi>

Ndani ya programu hiyo ni LocalDateTime na ZoneId zikiwa pamoja, na nukta halisi utaihesabu pale tu unapohitaji kutuma ukumbusho. Usibadilishe jina la eneo kwa +01:00, kwa sababu namba hiyo ni matokeo ya taratibu za siku moja, wakati jina hubeba taratibu zenyewe na historia yake. Namba haitoshi hata kwa yaliyopita: hadi mwaka 1911 saa ya Paris ilikuwa mbele ya ile ya Greenwich kwa dakika 9 na sekunde 21, na tofauti ya saa katika XML Schema huandikwa kwa saa na dakika pekee, bila nafasi ya sekunde hizo.

Jambo moja la kuepuka ndani ya faili moja ni kuchanganya nyakati zenye tofauti ya saa na zisizo nayo katika elementi yenye jina moja. XML Schema inasema nyakati mbili za namna hiyo, moja ikiwa na tofauti na nyingine haina, haziwezi kupangwa ipi imetangulia zikiwa zimekaribiana ndani ya saa 14. Mpangilio wa orodha yako utategemea programu inayosoma itakavyoamua kubahatisha.

Mwenzako wa C# atanufaika mara tu wewe utakapoandika siku bila saa. Kwa upande wake aweke [XmlElement(DataType = "date")] juu ya sehemu ya DateTime, na XmlSerializer itaandika na kusoma siku pekee. Aelewe pia kwamba DateTime ya .NET ina sifa iitwayo Kind: mstari wenye Z huisoma kuwa Utc, usio na kitu mwishoni huisoma kuwa Unspecified, na wenye +03:00 huugeuza kuwa saa za mashine yake na kuuita Local. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyompa 11.

Sasa, milisekunde. Nakubali zina faida za kweli kwa nukta za wakati: hazina utata wa saa za eneo, ni fupi, na hulinganishwa haraka. Lakini haziponyi ugonjwa wako hata kidogo. Ile 642459600000 ni saa sita usiku ya kompyuta yako, na seva itaisoma kuwa tarehe 11 kama kawaida. Tofauti ni kwamba sasa hata wewe ukilifungua faili hutaiona tena ile 12 iliyokuonyesha kwamba kuna jambo. Skima haitaweza kuikagua kuwa ni tarehe, na mpokeaji atalazimika kuambiwa pembeni kama ni sekunde au milisekunde, jambo ambalo likisahauliwa hutupa mtu karibu na mwanzo wa mwaka 1970 au maelfu ya miaka mbele. Faili ambalo watu hubadilishana linapaswa kujieleza lenyewe, na hiyo ndiyo sababu ya kutumia XML tangu mwanzo.

Usiandike pia kwa mpangilio wa kusomwa na watu, kama 05/12/1990, kwa kuwa wengine watasoma Mei na wengine Desemba. Na kama bado una SimpleDateFormat mahali fulani, hakikisha umeandika yyyy kwa herufi ndogo. YYYY ya herufi kubwa ni mwaka wa kuhesabia majuma, na kwayo tarehe 31 Desemba 2024 huandikwa kuwa ya mwaka 2025.

Hukuuliza kuhusu tarehe isiyojulikana, lakini elementi tupu uliyoiona inanilazimu niitaje. Matini tupu si xs:date halali wala xs:dateTime halali. Kama mwanachama hana miadi, iache elementi isiwepo kabisa, au iandike ikiwa na xsi:nil="true" ikiwa skima inaruhusu. Usiweke 1900-01-01 wala 0001-01-01 kujaza pengo, maana siku moja kuna ripoti itakayoihesabu hiyo kuwa umri wa mtu.

Jaribio litakalokuhakikishia ni dogo. Kompyuta yako haiwezi kuligundua kosa hili kwa sababu inaandika na kusoma kwa saa zile zile, hivyo kosa hujifuta lenyewe. Andika faili ukiwa umeianzisha programu kwa -Duser.timezone=Pacific/Auckland, kisha lisome ukiwa umeianzisha kwa -Duser.timezone=America/Los_Angeles, halafu ufanye kinyume chake. Weka humo mtu aliyezaliwa 29 Februari, miadi ya saa kamili isiyo na sekunde, na mtu asiye na tarehe. Tarehe za kuzaliwa zikirudi kama zilivyo pande zote mbili, msimbo wako umepona.

Data iliyokwisha kuharibika ni kazi nyingine, na hapo nakuomba usiwe na haraka. Yatenge mafaili katika makundi kabla ya kugusa chochote. Mistari yenye T00:00:00 na +03:00 ni mizima: chukua herufi kumi za mwanzo na uache zilizobaki. Mistari yenye T21:00:00Z inarekebishika, mradi una hakika iliandikwa awali na mashine ya eneo lile lile. Igeuze kwa kutumia jina la eneo, si kwa kuongeza saa tatu kwa mkono, kwa kuwa mahali pengi tofauti ya saa ya mwaka aliozaliwa mtu haikuwa ya leo, kisha chukua siku utakayoipata. Kundi la tatu ndilo gumu: mistari yenye T00:00:00Z. Baadhi yake ni watu walioandikwa moja kwa moja kwenye seva, na siku zao ni sahihi. Wengine ni watu ambao karani alifungua fomu zao kubadili jambo jingine, fomu ikamwonyesha 11, akahifadhi, na seva ikaiandika upya kuwa saa sita usiku ya tarehe 11. Mistari ya namna hizo mbili inafanana herufi kwa herufi. Hakuna hesabu itakayoitenganisha, na anayekuahidi programu ya kufanya hivyo anakuahidi kubahatisha.

Kwa kundi hilo, acha kibodi ukakae na watu. Muulize aliyekuwa akiandikisha ni mashine gani ilitumika na tangu lini. Tafuta nakala za akiba zilizotangulia seva, na fomu za karatasi kama zipo. Kama tarehe hizo zinaamua haki ya mtu, mathalani umri wa kustaafu au ratiba ya dawa za mtoto, mkabidhi mhusika wa kumbukumbu hizo uamuzi wa kila mstari unaotiliwa shaka. Na kama kuna taasisi nyingine inayopokea mafaili yako, zungumza nayo ana kwa ana kabla ya kubadili xs:dateTime kuwa xs:date, kwa sababu skima yao itayakataa mafaili yako mapya siku ile ile, hata kama wewe ndiye uliye sahihi. Mtafute pia mtu mwenye uzoefu wa kuhamisha data apitie mpango wako mkiwa mnatazama mistari halisi ya faili, kwani huenda kuna kundi la nne ambalo kutoka huku nilipo siwezi kuliona.

Nakala kamili ya mafaili ya zamani iwe pembeni kabla ya mstari wa kwanza kuguswa. Kwa kila tarehe utakayoibadilisha, andika thamani ya zamani, thamani mpya, na sababu iliyoibadilisha, ili mwanachama atakapokuja na cheti chake cha kuzaliwa mkononi uweze kumwonyesha ile 11 ilitoka wapi.